Usimwage Kilichobaki Kwenye Ndoo: Kusaka Tatizo la Lishe kwa Mifugo wa Mombasa

Simu nyingi zinazonifikia huanza kwa maneno yale yale: "Daktari, njoo umpige sindano, hali chakula." Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo, si daktari, ila huku Kisauni kila anayetembea na kipimajoto ni daktari. Nami huomba mambo mawili yanayowaudhi wengi. Usimwage kilichobaki kwenye ndoo, na usifagie banda mpaka nifike. Mara nyingi nikifika nakuta mwenye mnyama ameona haya, amesafisha, ametia majani mabichi ya kumfurahisha mgeni, na ushahidi wote umeshakwenda jaani.

Mifugo ya mjini hula kinachopatikana: nepia ya kununua, majani na maganda kutoka soko la Kongowea, machicha ya nazi, pumba, makombo ya harusi. Sina ugomvi na vyakula hivyo. Ugomvi wangu ni na mabadiliko ya ghafla. Tumbo la kwanza la ng'ombe na mbuzi ni kama pipa la kuchachushia. Lina vijidudu vinavyovunja chakula kabla mnyama mwenyewe hajafaidi, na vijidudu hivyo hutaka siku 7 hadi 14 kuzoea kitu kipya. Ndiyo maana, dalili iwe yoyote, swali langu la kwanza ni hili: siku tatu zilizopita, nini kimebadilika? Mmefungua gunia jipya? Mkata majani ni mwingine? Kulikuwa na sherehe? Maji ya mfereji yalikatika mkateka ya kisima?

Baada ya hapo ni kutazama. Pima joto: ng'ombe mzima huwa kati ya 38 na 39.3, mbuzi 38.5 hadi 40. Homa ikizidi hapo, acha kusaka lishe, tafuta maambukizi. Tia ngumi kwenye lile shimo la kushoto nyuma ya ubavu wa mwisho, tulia dakika mbili. Tumbo linalofanya kazi litakusukuma mara mbili au tatu. Mwangalie kama anacheua. Halafu inama ukitazame kinyesi, nacho ukinuse. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho, na hakuna ambacho watu hukikwepa zaidi.

Maziwa yameshuka, homa hakuna

Januari moja niliitwa Bamburi kwa ng'ombe aliyeshuka kutoka lita 11 hadi 6. Mwenyewe alikuwa ameshampa dawa ya minyoo na chupa mbili za vitamini.

"Anakunywa maji kiasi gani, mama?"

"Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, mwanangu. Simnyimi."

Ndoo zenyewe ni za lita 10, kwa hiyo jumla ni lita 40. Ng'ombe wa kiasi kile cha maziwa, katika jua letu la Januari ambapo mchana hufika digrii 32, hutaka lita 60 hadi 80, na siku nyingine huzidi. Maziwa ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, hayatengenezwi na kitu kingine. Nilimwonyesha mama ile ndoo iliyolambwa mpaka chini. Yeye aliiona kama dalili ya afya, "anamaliza yote." Mimi niliiona kama malalamiko. Chombo cha maji cha ng'ombe anayekamwa hakitakiwi kukutwa kikavu hata mara moja. Tulikata pipa katikati, likawekwa kivulini, likawa linajazwa kila linapopungua. Baada ya siku chache alirudi lita 9.

Zile lita mbili zilizobaki zilitaka kazi zaidi. Kucheua na kuchachusha huzalisha joto ndani ya mwili, na ng'ombe anayehema kwa jua hujiepusha na joto hilo kwa kuacha kula. Ukimwekea majani saa nne asubuhi, yatanyauka mbele yake. Mpe sehemu kubwa ya chakula saa kumi na moja alfajiri na tena saa moja usiku, mchana aachiwe kidogo cha kuchezea. Angalia na paa. Banda la mabati lisilo na dari ni tanuri, na makuti tuliyoyadharau tukaona ni ya kimaskini yanampoza ng'ombe kuliko bati la bei ghali.

Kisha pima majani, usikadirie. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamwa huhitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani baada ya kutoa maji yote yaliyomo. Nepia mbichi ni maji mengi tu. Katika kilo 10 unapata kama kilo 1.8 za chakula chenyewe. Fanya hesabu: bila nyongeza anataka kilo 65 za nepia kwa siku. Ukimpa kilo 4 za chakula cha gunia, bado anataka kilo 45 hadi 50. Azima mizani ya muuza samaki upime mzigo mmoja wa majani unaouziwa. Wengi niliowapimia walikuwa wakilisha nusu ya walichodhani. Wakati wa masika hesabu inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa nepia changa ina maji mengi zaidi na kinyesi hulainika kama uji. Hapo watu hukimbilia dawa ya kuhara, na dawa yenyewe ni kuacha majani yanyauke nusu siku kabla ya kuyakatakata, na kuongeza nyasi kavu.

Kinyesi kikiwa laini, kinang'aa kwa mafuta, na banda lina harufu ya uchachu, uliza habari za machicha. Machicha ni chakula kizuri siku ile ile yaliyokunwa. Kwa joto letu, ya asubuhi yameshaanza kuchacha jioni. Halafu mafuta yakizidi tumboni huwazuia vile vijidudu kuvunja majani, kwa hiyo ng'ombe anashiba huku anakonda. Kilo moja au mbili za machicha mabichi kwa ng'ombe zinatosha, mbuzi konzi moja, na ya jana yaende kwenye mbolea.

Maziwa yakishuka kwa ng'ombe aliyezaa ndani ya siku tatu, masikio baridi, hawezi kusimama, shingo ameigeuzia ubavuni, usipoteze muda na ndoo. Hiyo ni homa ya maziwa, ambayo licha ya jina lake haina homa. Kalsiamu ya damu imeanguka, na inarudishwa kwa mshipa, polepole, na mtu anayejua kazi hiyo. Haraka yake husimamisha moyo.

Mbuzi amevimba kushoto

Kuna uvimbe wa aina tatu, na msaada wa mmoja unaweza kuwa madhara kwa mwingine. Tenganisha kwanza.

Alikula kunde mbichi, majani ya mikunde yenye umande, au alifunguliwa kwenye shamba lililomea baada ya mvua? Huo ni uvimbe wa povu. Gesi imo, lakini imenaswa kwenye mapovu madogo kama ya sabuni, na mnyama hawezi kubeua. Mafuta ya kupikia huyavunja: mililita 50 hadi 100 kwa mbuzi, 250 hadi 500 kwa ng'ombe. Mnyweshe pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, kichwa kikiwa usawa wa mgongo. Ukimwinua shingo juu, mafuta yataingia mapafuni, na utakuwa umemwokoa na tumbo ukamuua kwa kifua. Mtembeze, mmoja amkande ubavu.

Uvimbe umekuja ndani ya dakika chache, anadondosha mate, ananyoosha shingo, anakohoa? Msimu wa maembe hapo usinitajie mafuta. Kuna kokwa kooni. Ng'ombe humeza embe zima bila kutafuna, na kokwa, kipande cha muhogo au kiazi hukaa njiani, gesi ikakosa pa kutokea. Nimeona watu wakisukuma kwa fimbo ya mpera. Koo hupasuka, na koo lililopasuka ndani ya kifua halina tiba ya kijijini. Ukimnywesha kitu, kitarudi na kuingia mapafuni. Mzuie asile wala kunywa, kichwa kiinamie chini ili mate yatoke, ita mwenye mpira wa kupitisha kooni. Mwaka unaofuata, okota maembe yaliyodondoka kabla ya kufungua zizi.

Aina ya tatu ndiyo ya mji huu hasa. Harusi imeisha usiku, sufuria za pilau zimeachwa nyuma ya nyumba, mbuzi wa jirani amekata kamba. Au mtoto ameona huruma akammwagia ugali wote uliobaki. Asubuhi mbuzi yuko kimya. Tumbo halijavimba kama ngoma, bali limejaa maji: ukilitikisa unasikia chubwi chubwi. Anasaga meno. Kufikia jioni anaharisha kinyesi cha kijivu chenye harufu kali ya uchachu, ndani yake punje za wali. Wanga mwingi umegeuka tindikali, vijidudu vimekufa, na tindikali inavuta maji ya mwili kuingia tumboni. Anakauka huku tumbo limejaa maji.

Ukimkuta mapema, angali amesimama, changanya kijiko kimoja hadi viwili vya chakula vya bikaboneti, ile ya mandazi, kwenye nusu lita ya maji vuguvugu, umnyweshe kwa hadhari ile ile. Ondoa nafaka zote, mpe nyasi kavu peke yake. Akiwa ameshalala au anayumba, bikaboneti ya mdomoni haitoshi, anahitaji maji ya mshipani siku hiyo hiyo. Na aliyepona mchunguze miguu wiki mbili baadaye. Tindikali ile huacha kovu kwenye kwato, mtu akadhani mbuzi amechomwa na msumari.

Muhogo niutaje hapa japo hauleti uvimbe. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu ya sianidi, na mbuzi anaweza kufa kabla hujamaliza kutafuta namba yangu. Kata vipande vyembamba, anika juani siku mbili tatu mpaka vivunjike mkononi.

Anakula, tumbo kubwa, mgongo umetoka mifupa

Hapa nilikosea mwenyewe, nikiwa mgeni katika kazi. Mbuzi jike wa Majengo, amekonda, ute wa macho, yaani ile ngozi laini ya ndani ya kope, mweupe. Nikampa dawa ya minyoo. Wiki tatu baadaye nikampa nyingine. Nikampa ya tatu. Mwenyewe alinilipa mara zote tatu, na mara ya nne alinilipa kumchinja. Tulipopasua tumbo la kwanza tulitoa fundo la mifuko ya plastiki, kamba za nailoni na kipande cha wavu wa kuvulia, limeshikana kama mpira wa kandanda na lina uzito wa mtoto mchanga.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na majalala yetu yamepungua rangi tangu hapo. Lakini karatasi za plastiki za mkate, kamba na nyavu bado zipo. Plastiki haivunjiki wala haipiti. Inachukua nafasi ya chakula, mbuzi anashiba kwa konzi mbili, anakonda mwaka mzima.

Namna ya kutenganisha: mwenye minyoo huweza kuharisha, ute wa macho hupauka sana, na huonyesha nafuu ndani ya siku 10 baada ya dawa sahihi ya kipimo sahihi. Mwenye plastiki hana nafuu na dawa yoyote, tumbo hurudi kujaa gesi kidogo kila baada ya siku chache, na ukibonyeza kushoto chini utahisi kitu kigumu kinachorudisha mkono kama springi ya godoro. Ute wa macho hupauka pia kwa sababu ya njaa, na hapo ndipo nilipoanguka. Dawa yake ni upasuaji wa tumbo. Kwa mbuzi wa maziwa mwenye thamani unafaa, kwa mwingine piga hesabu.

Uliza pia kwa nini anakula plastiki. Mbuzi aliyekosa chumvi au fosforasi hutafuna mifupa, kuta zenye chokaa, nguo za kwenye kamba. Jiwe la chumvi ya madini linaloning'inia zizini ni nafuu kuliko kisu.

Manyoya yanatoka

Kama ngozi haina upele wala chawa, na manyoya yanatoka kwa konzi, tazama ua. Lusina, ule mti wa jamii ya mikunde, imejaa kandokando ya barabara zetu, mbuzi wanaipenda, ina protini nzuri, na ina sumu ya mimosini inayokatisha manyoya. Isizidi theluthi moja ya chakula cha mbuzi. Punda hawezi hata hiyo, hubaki na mkia kama wa panya.

Kuku wanataga mayai laini

Kabla ya kulaumu ugonjwa, hisi joto la banda saa nane mchana. Kuku hatoki jasho, hupoa kwa kuhema mdomo wazi, na kuhema huko hupunguza kwenye damu kaboneti ambayo ndiyo hujenga ganda. Papo hapo joto humkatisha hamu. Kuku wa mayai aliyetakiwa kula gramu 110 hadi 120 anakula 90, na kalsiamu inapungua kwa kiasi hicho hicho. Ganda moja hutaka kama gramu 2 za kalsiamu, na hujengwa usiku. Hivyo jioni wawekee chokaa ya kuku ya punje kubwa kutoka agroveti, au makome yaliyopondwa, kwenye chombo chake pekee. Usichanganye yote kwenye chakula, kila kuku atajipimia. Maji yawe ya baridi, nayo yabadilishwe mchana.

Wakiwa wanakunywa kupita kiasi na kinyesi kimekuwa maji matupu, onja maji. Ndiyo, kwa ulimi wako. Visima vyetu vingi vina chumvi, na kuku huishindwa haraka kuliko ng'ombe. Juu yake mtu anatupia mabaki ya ng'onda au dagaa waliotiwa chumvi, kisha maji yanaisha mchana kutwa. Vifaranga ndio hufa kwanza, wakipepesuka.

Na gunia. Unyevunyevu wa Mombasa huingia kwenye pumba hata mvua isiponyesha. Ukifungua ukakuta mabonge, harufu ya chumba kilichofungwa, au vumbi la kijani, usiwape kuku, usimpe ng'ombe, usimpe mbwa. Kuvu fulani hutoa aflatoksini, sumu ya ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, hasa huko Ukambani, kwa mahindi ya kawaida ya chakula. Kuanika au kukaanga hakuiondoi. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ya mtoto wako. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na ununue ya wiki mbili, si ya miezi mitatu, hata kama bei ya jumla inavutia.

Beberu anahangaika, hakojoi

Nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo hunitoa kitandani, na kila mwaka huja kabla ya Idd kubwa. Mtu amenunua beberu au kondoo dume miezi miwili mapema, anataka apendeze, mnyama wa kuchinjwa asiwe na kasoro. Anamfunga uani na kumjaza pumba za ngano, maana pumba hunenepesha. Pumba zina fosforasi inayozidi kalsiamu mara kadhaa, ilhali mbuzi dume anataka kinyume chake, kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Ziada hutoka kwa mkojo. Maji yakiwa machache hugeuka mchanga, na mchanga hukwama kwenye mkunjo wa mrija au kwenye kile kijimkia cha ncha. Aliyehasiwa akiwa mdogo yuko hatarini zaidi, mrija wake ni mwembamba.

Mwenyewe husema "amefunga choo." Anajikaza, anapiga mkia, analia, anatazama tumbo lake. Kumbe kinyesi kipo. Paka dume wa Mji wa Kale hufanya vivyo hivyo, anachuchumaa kila kona bila kutoa kitu, na watu humpa mafuta ya kulainisha choo. Kwa wote wawili, mafuta hayo ni kupoteza saa.

Uhakika utaupata hivi. Msimamishe juu ya gunia kavu au sakafu kavu ya saruji, usimwache, mtazame nusu saa nzima. Pitisha kidole kwenye manyoya ya mdomo wa govi. Ukihisi chembe kama za mchanga, au gunia lina matone mawili ya damu, au halina kitu kabisa, usimpe maji kwa nguvu, usimpe dawa ya kukojoza, kibofu kimeshajaa. Piga simu usiku huo huo. Kibofu hupasuka ndani ya siku moja au mbili, na kikipasuka mnyama hutulia, anaacha kulia, mwenyewe anafurahi kwamba amepata nafuu. Ukimwona ametulia bila gunia kulowa, usilale. Na hizo pumba zilizobaki ndooni, niachie nizione.